Jina nyuma ya kadi: kutoka magome ya Ituri hadi karatasi ya salamu

NIANIA – Kwenye njia panda yetu, pale barabara ya Isiro inapoachana na Barabara ya Kitaifa namba 4 inayotoka Kisangani kwenda Bunia, karibu kila kitu kinauzwa. Mbao, mchele, betri, viatu, simu za mkono wa pili. Mwisho wa mwaka ukikaribia hata kadi za salamu zinaonekana kwenye meza za wauzaji wadogo. Nyingi zimechapwa kiwandani, mbali sana na hapa: maua ya waridi, mishumaa, maandishi ya dhahabu ya "Bonne année". Lakini mara moja moja unakuta kadi ya namna nyingine. Karatasi ngumu imekunjwa mara mbili, uso wote umepakwa rangi ya udongo, juu ya rangi hiyo alama ndogo zimepigwa kwa muhuri wa mti au wa tunda, na katikati kuna picha ya mama anayetwanga, au mtumbwi, au okapi. Hiyo imetengenezwa kwa mkono.

Wasikilizaji wetu vijana, hasa wale waliofika hapa na familia zao wakikimbia vita, huiangalia kadi kama hiyo na kusema ni mambo ya wazungu. Kwa upande mmoja wana haki. Kwa upande mwingine hapana, na upande huo wa pili ndio unaonishughulisha leo, kwa sababu sehemu kubwa ya historia hiyo imepita hapa hapa kwenye msitu wetu, na walioifanya hawakuandikwa majina.

Tuanze na upande wa wazungu, maana ni mfupi. Mwaka wa 1843, mjini London, mtumishi mmoja wa serikali aliyeitwa Henry Cole alikuwa na barua nyingi za Noeli za kujibu na nafasi hakuwa nayo. Miaka mitatu nyuma, mwaka wa 1840, Uingereza ilikuwa imeanzisha posta ya bei nafuu ya peni moja, na Cole mwenyewe alikuwa kati ya watu walioisukuma kazi hiyo. Watu walianza kuandikiana sana. Basi akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee picha moja ambayo angeweza kuituma kwa watu wote. Horsley akachora familia ikiwa mezani, na pembeni watu wakiwapa maskini chakula na nguo. Picha ikachapwa kwa njia ya jiwe, nakala kama 1,000. Lakini mashine ilichapa mistari tu. Rangi zilipakwa kwa mkono, kadi moja baada ya nyingine. Zile ambazo Cole hakuzitumia ziliuzwa kwa shilingi moja kila moja, na kwa mfanyakazi wa kawaida wa wakati ule hiyo haikuwa bei ya mchezo.

Kwa hiyo kadi ya kwanza ya Noeli inayojulikana ilikuwa nusu ya mashine na nusu ya mkono. Jina la mwenye wazo tunalo, na la mchoraji tunalo. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Sasa turudi nyumbani. Kupaka rangi juu ya kipande chepesi kinachokunjika na kubebeka, kisha kukipamba kwa alama, watu wa misitu yetu hawakungoja London wajifunze. Mwaka wa 1870 msafiri Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu, kaskazini ya hapa, upande wa Isiro ya leo. Aliwakuta watu wamevaa nguo za gome la mti, na akaandika habari zake kwa mshangao. Nguo za pamba zilikuwa bado hazijafika kwa wingi. Kila kabila la msitu na la pembeni ya msitu lilikuwa na ufundi wake wa kuponda gome. Majirani zetu Waganda wanaita nguo yao lubugo, wanaitoa kwenye mti wa mutuba, na mwaka wa 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu wote. Leo pale Kampala lubugo inakatwa vipande vidogo na kubandikwa kwenye kadi za salamu. Kwetu Ituri nguo ya gome ilikuwa na kitu cha ziada, nacho ni michoro ya mama za Wambuti na Waefe.

Wanaiita pongo, na sehemu nyingine murumba. Kazi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya wanaume. Wanachagua mti, mara nyingi wa jamii ya mtini, wanatoa ganda la nje, wanachukua gome laini la ndani. Linalowekwa maji, kisha linapondwa juu ya gogo kwa nyundo ya mti, na zamani ya pembe ya ndovu, nyundo yenye mifereji usoni. Gome linatanuka, linapungua unene, linakuwa laini kama kitambaa. Sauti ya nyundo hizo ilikuwa sehemu ya asubuhi ya kambi. Mtu akitaka kupima ugumu wa kazi hiyo, ajaribu kuponda gome la upana wa mkono mpaka lifikie upana wa kanga bila kulitoboa.

Sehemu ya pili ni ya wanawake. Hapo ndipo inaanza ile tunayoitafuta kwenye kadi: kwanza rangi ya chini, halafu michoro. Rangi ya chini ni ile inayofunika uso wote nyuma ya picha. Mama anaweza kuacha gome na rangi yake ya asili, ya maziwa au ya kahawia. Anaweza kulitia kwenye tope likawa jeusi-jeusi. Anaweza kulipaka unga mwekundu wa mti wa nkula, ule ule ambao bibi zetu walijipaka mwilini. Baada ya hapo anachukua maji ya tunda la gardenia, anayachanganya na makaa yaliyosagwa, na anapata wino mweusi wenye ubuluu kidogo ambao hautoki kirahisi. Anaweka gome magotini na kuanza kuchora kwa kidole au kwa kijiti, sehemu kwa sehemu.

Anachochora ni vigumu kukieleza kwenye redio, nimejaribu. Kuna mistari inayokwenda pamoja kisha mmoja unakatika ghafla. Kuna nyavu, madoa kama ya chui, nukta, misalaba, kitu kama utando wa buibui, kitu kama kipepeo. Kona moja imejaa, kona nyingine ameiacha wazi kabisa. Mtu aliyezoea vitenge atasema mama amesahau kumaliza, lakini hakusahau. Mtaalamu Mmarekani Robert Farris Thompson, aliyechunguza michoro hiyo, aliilinganisha na nyimbo za Wambuti: sauti nyingi zinapishana, mmoja ananyamaza, mwingine anaingia palepale. Anayejua kuimba msituni anajua kwamba kunyamaza nako ni sehemu ya wimbo. Michoro hiyo hiyo waliiweka pia mwilini, usoni na mapajani, siku za ngoma. Mkono uliochora gome siku ya sherehe ndio ule uliochora shavu la binti.

Basi unaona: kitu chepesi kilichokunjwa, rangi ya chini, alama juu yake, kinatolewa siku ya furaha. Kwa maoni yangu, kadi ya salamu ya mkono ina jamaa wa karibu zaidi kwenye kambi za Epulu kuliko kwenye maduka ya London. Tofauti ni kwamba juu ya gome hapakuwa na maandishi. Aliyelipokea alijua limetoka kwa nani, kwa sababu aliujua mkono wake.

Tatizo la jina lilianza pale gome lilipotoka kwenye kambi na kupanda gari.

Barabara yetu ilileta wageni mapema. Kuanzia miaka ya 1930 Mmarekani Patrick Putnam aliweka kambi pale Epulu, kwenye mto, na wasafiri waliopita kati ya Stanleyville na mashariki walilala hapo. Mke wake Anne Eisner, ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji, aliishi Epulu tangu miaka ya 1940 mpaka baada ya kifo cha mumewe mwaka wa 1953. Alichora maisha ya kambi na akakusanya hadithi za watu. Colin Turnbull naye alikuja miaka ya 1950, na kitabu chake cha mwaka wa 1961 juu ya watu wa msitu kilisomwa dunia nzima. Wakati huo huo Epulu ilikuwa pia kituo cha kukamata okapi, mnyama ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamempa jina mwaka wa 1901 tu, ili wapelekwe kwenye bustani za wanyama. Wageni walikuja kumwona okapi na waliondoka na gome lililochorwa, limekunjwa kwenye sanduku.

Gome likawa bidhaa. Sisemi ni vibaya, mama alipata chumvi, nguo, sufuria, baadaye pesa. Miaka ya 1970 na 1980 wafanyabiashara wa sanaa walianza kuyanunua kwa wingi, na yakafika kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani. Katikati ya miaka ya 1990 Georges Meurant na huyo Thompson walitoa kitabu kikubwa kilichojaa picha za michoro ya wanawake wa Ituri. Ukikifungua unashangaa. Kazi ni nzuri kupita kiasi. Lakini ukiyatembelea makumbusho yenye magome hayo, au ukitazama picha zake, kwenye kikaratasi cha maelezo kwa kawaida utakuta hivi: Mbuti, Ituri, karne ya 20. Basi. Jina la msitu limeandikwa, jina la kabila limeandikwa. Jina la mama halipo.

Sababu si kwamba halikujulikana. Kambi nzima ilimjua. Aliyenunua hakuuliza, na aliyeuza kwa niaba yake, mara nyingi mwanakijiji au dereva, hakuona faida ya kulitaja. Gome likabadilisha mikono matatu au minne na jina likabaki nyuma, kama mzigo ulioanguka kutoka kwenye lori usiku.

Mtu anaweza kusema zamani zile hakuna Mwafrika aliyeandikwa jina kwenye sanaa. Hapo nitapinga, na mfano ninao, wa nchi hii hii. Mwaka wa 1946, kule Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyojulikana kama Hangar. Hakutaka kuwafundisha kuiga picha za Ulaya. Aliwapa karatasi na rangi na kuwaambia watazame vitu vya kwao. Bela alichora kwa ncha za vidole, nukta baada ya nukta. Mwenze Kibwanga alijaza picha yote kwa mistari mifupi iliyobanana. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka, na nyuma yao akaweka majani na vistari vidogo vingi mpaka karatasi yote inapumua.

Angalieni rangi ya chini kwenye kazi za watu hao watatu, maana hapo ndipo ufundi ulipo. Haikuachwa nyeupe. Kwanza waliifunika, kisha wakaitia alama ndogo zinazojirudia, halafu ndipo mnyama akatokea. Fundi wa kadi wa leo anayepiga muhuri wake mara hamsini kabla ya kuchora mtumbwi anafanya jambo lile lile, hata kama hajawahi kusikia habari ya Hangar. Romain-Desfossés alikufa mwaka wa 1954 na karakana ikaingizwa kwenye shule ya sanaa ya mji huo. Lakini Bela, Mwenze na Pilipili tunawajua mpaka leo kwa sababu waliweka majina yao kwenye karatasi. Mistari michache ya herufi pembeni chini, na miaka 70 baadaye mtu wa Niania anaweza kuwataja hewani.

Kuna hadithi nyingine ya kadi ambayo napenda kuwaambia watoto wa familia zilizohama makwao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, shirika la UNICEF, lililoundwa mwaka wa 1946, lilipeleka msaada kwa watoto wa Ulaya. Ndiyo, Ulaya, wakati huo walikuwa wao wanaopanga mstari wa maziwa. Katika kijiji kimoja cha Czechoslovakia msichana wa miaka saba, Jitka Samková, alichora picha ya kushukuru: watoto wanacheza wakizunguka mti mrefu, na jua linawaka. Karatasi ilikuwa shida, basi alichora juu ya kioo. Mwaka wa 1949 picha hiyo ikawa kadi ya kwanza ya salamu ya UNICEF, na baada yake zikaja kadi nyingi zilizouzwa kila mwisho wa mwaka kusaidia watoto wengine. Mtoto huyo alikuwa na vita nyuma yake na hakuwa na karatasi. Jina lake likaandikwa, na ndiyo sababu ninaweza kulitaja hapa.

Kwetu mashariki, kadi za mkono za kuuza zilikuja na watalii. Goma, Bukavu, na ng'ambo kule Kigali, Bujumbura, Kampala, vijana walikata majani makavu ya mgomba, yale yenye rangi tofauti, ya dhahabu, ya kahawia, meusi, wakayabandika kwenye karatasi iliyopakwa rangi na kutengeneza vijiji, wapiga ngoma, wanawake wenye mizigo. Kule Bangui walifanya hivyo kwa mabawa ya vipepeo. Jani la mgomba ni karatasi ambayo Mungu ameipaka rangi mwenyewe, fundi anachagua tu.

Biashara hiyo iliishi kwa barabara, na barabara ilikufa. Hapa Ituri tunajua ilikufa namna gani. Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka wa 1992, mwaka wa 1996 ikawekwa kwenye urithi wa dunia, na mwaka uliofuata tayari ilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu vita vilikuwa vimeingia. Mwishoni mwa 2002 mpaka mwanzoni mwa 2003, wapiganaji walipita kwenye njia hii hii kuelekea Mambasa katika operesheni waliyoipa jina "Effacer le tableau", yaani kufuta ubao. Kwa Kifaransa neno hilo tableau ni ubao wa shule, na pia ni picha iliyochorwa. Wambuti, Wanande na wengine wengi waliuawa, wakaporwa, wakabakwa, na walioponea walitawanyika. Halafu tarehe 24 Juni 2012 wapiganaji wa Mai-Mai Simba walishambulia kituo cha Epulu, wakaua watu na okapi 14 waliofugwa pale. Baada ya hapo mgeni gani angekuja kununua gome? Mama waliochora wakiwa wasichana wakati wa Turnbull walikufa au walihama, na binti zao walijifunza kwanza kukimbia.

Lakini katika miaka hiyo ya kukimbia kulikuwa na karatasi moja ya salamu iliyozunguka mashariki ya Kongo kuliko kadi zote. Wazee wengi wanaikumbuka: ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ni karatasi yenye sehemu ya kuandika habari za familia tu, bila siasa na bila mambo ya vita, inayobaki wazi ili isomwe njiani na wahusika. Ilipelekwa kwa mkono na wajitolea, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa pikipiki, kutoka kambi moja hadi nyingine, toka Rwanda na Kongo miaka ya 1990 mpaka leo. Haikuwa na ua wala rangi. Ilikuwa na nini? Majina. Jina kamili la anayeandika, la baba yake, la mama yake, mahali alipo, mahali alipotoka. Bila hayo karatasi haifiki. Watu waliopotezana miaka kadhaa walipatana kwa sababu ya mistari hiyo ya juu, kabla hata ya kusoma "sisi tuko wazima".

Hapo ndipo mimi nilipoona kwamba hizi karatasi mbili, gome lisilo na jina na ujumbe ambao ni majina matupu, zinahitajiana.

Pale Kigali wamejaribu kitu karibu na hicho. Tangu mwaka wa 2004 kuna karakana inayoitwa Cards from Africa, ambayo ilianza kwa kuwapa kazi vijana waliobaki yatima na kulea wadogo zao. Wanachukua karatasi zilizotupwa, wanazilowesha, wanazisaga ziwe uji, wanatia rangi, wanazichuja kwenye nyavu na kuzianika juani. Karatasi mpya inatoka nene, yenye rangi yake tayari, na kadi inatengenezwa juu yake. Zimeuzwa hadi ng'ambo. Sisi hatuna soko hilo, tusidanganyane. Mtu asiache shamba lake hapa Niania kwa sababu ya kadi. Lakini kwenye maeneo ya wakimbizi wa ndani kuna mikono mingi iliyokaa, kuna watoto wasio na shule kwa miezi, na vitu vinavyohitajika karibu vyote viko jikoni au nyuma ya nyumba.

Naeleza kwa ufupi, kwa waliouliza namna ya kufanya.

Karatasi: mfuko wa simenti uliosafishwa, tabaka za ndani ambazo hazijagusana na unga. Ama gamba la kaye ya shule, ama kartoni nyembamba. Kunja kabla ya kupaka rangi, ukikunja baadaye rangi itapasuka kwenye mkunjo.

Rangi ya chini: pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, uive kweli mpaka uwe unang'aa, uache upoe, uchuje. Huo ni gundi na ni rangi kwa pamoja. Tia makaa yaliyosagwa kupata kijivu au nyeusi, unga wa nkula kupata nyekundu, manjano ya jikoni kupata njano, udongo uliochujwa kupata kahawia. Paka uso wote kwa kitambaa au manyoya ya kuku. Kabla haijakauka unaweza kupitisha kitana au kijiti chenye meno, na mistari itabaki wazi. Mafundi wa kujalidi vitabu wa Ulaya walitumia njia hiyo ya uji wa rangi na kitana kupamba majalada kwa karne kadhaa, wakitumia uji wa ngano. Nayo Nigeria Wayoruba wanapaka uji wa muhogo kwenye kitambaa ili sehemu hiyo isishike rangi ya buluu. Muhogo ni muhogo, unajua kazi nyingi kuliko fufu.

Muhuri: kata dongodongo katikati, lile ambalo wengine wanaita bamia, liache likauke ute kidogo, lichovye kwenye rangi nzito na ulipige. Linatoa ua la pembe tano. Kata shina la jani la mgomba, linatoa nyumba ndogo ndogo kama za nyuki. Kiazi unaweza kukichonga umbo unalotaka. Usipange mihuri kama askari kwenye gwaride. Acha sehemu tupu, kama mama wa Epulu.

Adui ni wawili. Mende wanapenda wanga wa muhogo kuliko sisi, wataila kadi mpaka ibaki mifupa. Na unyevu wa msitu wetu unaleta ukungu baada ya wiki chache. Dawa ni kupaka uji mwepesi, si mzito, kukausha sawasawa chini ya mabati, na kuziweka kadi ndani ya kopo lenye kifuniko.

Picha ya katikati ni yako. Wengi wanachora nyumba waliyoiacha. Nimeona hilo kwa watoto mara nyingi, kwamba hata ukiwaambia wachore ua wanachora nyumba, mti wa maembe uliokuwa pembeni yake, idadi kamili ya mbuzi. Waacheni.

Nyuma ya kadi, kwa biki na si kwa makaa, andikeni jina kamili la aliyetengeneza, kijiji alikotoka, mahali alipo sasa, na mwaka. Ikiwa mama hajui kuandika, mtoto wake aandike, naye mama aweke alama ya kidole chake kwa rangi ile ile aliyotumia mbele.

Kwa wasomaji na wasikilizaji wenye gome la zamani nyumbani, kutoka Epulu, Mambasa, Bafwasende au upande wa Wamba, au kadi yoyote ya mkono kutoka kabla ya vita: muulizeni koko au shangazi ni nani aliyelichora. Tuleteeni jina hilo kwenye kikaratasi, pamoja na kijiji chake. Msilete gome lenyewe, njia si salama na mvua ni nyingi. Majina tutayasoma hewani Jumamosi jioni, baada ya matangazo ya wanaotafuta ndugu zao.